Ukishabandikwa "Chizi", Halibanduki

Wadau, kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, jina ninalo ila silitaji. Juzi kaenda laivu usiku wa manane, analia, anaongea vitu havieleweki. Kabla hajazima simu klipu ilishasambaa. Shuka kwenye komenti sasa: "Milembe wanakusubiri", "mpandisheni basi la Dodoma", vicheko mpaka chini. Na ni wale wale waliokuwa wanamwita malkia.

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Watu wanaingia, wanatibiwa, wanatoka, wanarudi kazini. Mtu akitoka Muhimbili alikolazwa kwa presha mnampelekea matunda. Akitoka Mirembe mnasogeza viti.

Msidhani hii imeanzia Insta. Mimi kwetu ni Mbulu, na kule hakuna hata haja ya bando. Kuna kaka mmoja namfahamu, yuko upande wa Hanang, kijiji sitasema. Aliumwa akiwa kidato cha nne, akatibiwa, sasa ni miaka tisa yuko fresh, analima, ana mke. Ukoo ukakaa kugawana shamba la marehemu babu yao. Kaka kafungua mdomo tu, baba yake mdogo akadakia: "Huyu tumwache, si mnajua alivyo." Kikao kikaendelea kama vile hayupo.

Hapo ndipo panaponiuma. Akipandisha sauti, "limeanza tena." Akinyamaza, "limemrudia." Akicheka peke yake kwa sababu kakumbuka kitu, watoto wanaitwa ndani. Mimi na wewe tunacheka na simu zetu kwenye daladala kila siku, nani anatuuliza?

Na kapu letu la "wagonjwa wa akili" ni kubwa, tunatupia humo mpaka wenye kifafa. Kifafa siyo wazimu jamani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo huko huko Mbulu tangu 1955, imekuwa ikitibu watu hawa kwa miaka mingi, na watafiti waliofanya kazi pale wamekuta kwamba baadhi yao chanzo ni minyoo, tegu wa nguruwe. Mayai yake yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yanaingia kwenye maji, mboga au mikono michafu, ukiyameza yanaweza kuishia kwenye ubongo. Yaani hata usiyegusa kitimoto unaweza kupata. Sasa mtu ana minyoo, wewe unasema ukoo wao una laana, na posa ya mdogo wake inakufa hapo hapo, maana wapelelezi wa ndoa walishapita kuuliza.

Kibaya zaidi ni ile imani kwamba povu la aliyeanguka linaambukiza. Haliambukizi. Lakini mtu anaangukia kwenye mafiga, moto unawaka, na waliopo wanarudi nyuma. Anaungua na watu wapo. Wengine wana makovu ya maisha, na wakipita sokoni kovu hilo hilo linakuwa ushahidi kwamba "ana ule ugonjwa". Na dawa zipo, siyo za jana, wengi wakizimeza bila kukatisha kuanguka kunapungua au kunakoma kabisa.

Mnaosema wabongo hatuna huruma, mimi nakataa. Tunayo, ila tunachagua wa kumpa. Desemba 3, 2023 tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakafa. Nchi nzima ililia. Kila mtu alielewa kwamba aliyenusurika anahitaji chakula, blanketi na mtu wa kuongea naye. Hakuna aliyemwita chizi mama aliyekuwa anapiga kelele akitafuta wanawe kwenye matope.

Kamera zikaondoka. Sasa mtu yule yule, mwaka umepita, mvua ikianza kupiga bati anatoka nje usiku na watoto wake, anakimbilia kwenye muinuko. Majirani wanamwita nani?

Komenti ziko wazi. Atakayeanza na "Milembe" nafuta.