Sistimu Ikianguka, Nani Alikuwa Ameijaribu Bekapu?

Umewahi kurauka alfajiri, ukapanga foleni saa tatu nzima, kisha ukafika dirishani ukaambiwa, "Sistimu iko chini, rudi kesho"? Bila shaka umewahi. Siku hizi leseni, pasipoti, bima ya afya na akiba ya chama, vyote viko ndani ya kompyuta. Nyuma ya huduma hizo kuna hifadhidata, yaani daftari kubwa la majina na pesa zetu. Na nyuma ya hifadhidata kuna kijana fulani, pengine wa rika lako na langu, ambaye hakuna anayemkumbuka hadi mambo yaende mrama.

Leo naongea na huyo kijana. Lakini wewe mwananchi usitoroke, manake kilichomo humo ni chako.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa kwa kufurikwa na maombi mengi kuliko inavyoweza kubeba. Watu walihangaika, lakini waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea. Mlango ulizibwa, ghala likabaki salama.

Sasa tazama Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, ukianzia kwenye betri za lithiamu. Mamia ya mifumo ya serikali ilizimika. Mingi iliweza kurudishwa. Lakini G-Drive, hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye takriban terabaiti 858, iliteketea na haikuwa na nakala nje ya jengo lile. Sababu iliyotolewa? Eti ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hapo ghala lenyewe ndilo liliungua.

Mimi mambo haya sikuyasomea darasani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikinishinda, nikapata kibarua cha kutunza kompyuta za chama kimoja cha akiba hapa jijini. Kila usiku mashine ilinakili hifadhidata, na kila asubuhi nilipata ujumbe: "Imekamilika." Nikalala usingizi wa pono. Siku diski ilipokufa, nilifungua zile nakala nikakuta faili za wiki tatu ni tupu. Diski ya bekapu ilikuwa imejaa, na ile programu ilituma "imekamilika" hata kama haijanakili kitu.

Unajua nani alituokoa? Akina mama wa sokoni. Walikuja na risiti zao zimekunjwa ndani ya leso, tukaziingiza moja baada ya nyingine, usiku na mchana. Mama mmoja alikuwa amepoteza risiti mbili. Aliniangalia tu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hizo zangu ndio zimeenda?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Basi haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Mosi, bekapu usiyowahi kuirejesha si bekapu, ni matumaini. Angalau mara moja kwa mwezi, chukua nakala ya jana, irejeshe kwenye mashine nyingine, uhesabu kama rekodi zimetimia. Pima pia inachukua saa ngapi, kwa sababu siku ya msiba bosi atauliza hilo kwanza. Tunajua somo hili hata bila kompyuta: Agosti 25, 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, moja ya jenereta za JKIA ilikataa kuwaka.

Pili, fuata hesabu ya tatu, mbili, moja. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa nje ya jengo. Daejeon ingebaki hadithi ya moto tu kama hiyo moja ingekuwepo.

Tatu, chunga diski kabla haijajaa. Weka onyo ikifika asilimia 80, si 99. Na usiamini neno "imekamilika". Angalia tarehe na ukubwa wa faili. Ikiwa jana ilikuwa gigabaiti 4 na leo ni sifuri, hapo kuna shida hata kama mashine inatabasamu.

Nne, hakikisha onyo linamfikia mtu. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva isiyofaa. Takriban gigabaiti 300 zikaenda. Walipokimbilia bekapu, wakakuta imekuwa ikifeli, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla. Kwa hivyo tuma onyo la majaribio, uone kama simu italia kweli.

Tano, jua siku ya kawaida inafananaje. Jumatatu asubuhi na mwisho wa mwezi, watu wangapi wanaingia? Ombi la salio linachukua muda gani? Usipojua kawaida, hutajua lini pameharibika. Orodhesha maombi yanayokawia, uone kama faharasa inakosekana. Kama unatumia PostgreSQL, hakikisha usafishaji wa safu zilizokufa unafanyika, la sivyo majedwali yatavimba bure.

Sita, tenga mashine ya kazi na ya majaribio. Ipe ile ya kazi rangi nyekundu kwenye skrini. Ni kitu kidogo, lakini saa sita usiku macho yakiwa mazito, rangi hiyo inaweza kukuzuia.

Sasa nirudi kwa wakubwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu awe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali. Lakini ukiomba diski ya pili, unaambiwa bajeti hakuna. Ukiomba siku ya kujaribu bekapu, unaambiwa kuna kazi muhimu zaidi. Kisha mambo yakiharibika, lawama ni za kijana wa IT. Hapana, bana. Andika ombi lako kwa barua, uhifadhi jibu.

Na wewe mwenye akiba yako, siku ya mkutano wa wanachama usiulize gawio peke yake. Inua mkono uulize: lini mara ya mwisho mlirejesha bekapu, na ilichukua saa ngapi? Wakianza kutazamana, utakuwa umeshapata jibu. Nenda nyumbani ukachunge risiti zako vizuri.