Daftari Litoke Sandukuni

Mtu akisimama jioni nje ya klabu ya taarab katika Mji Mkongwe wa Unguja, wakati wa mazoezi, atasikia nyimbo zenye umri mkubwa kuliko waimbaji wake. Akiingia akauliza maneno yake yameandikwa wapi, huenda akaoneshwa daftari la skuli lililochakaa jalada. Huenda pia asioneshwe, kwa kuwa mwenye ufunguo wa sanduku hayupo. Akiuliza mtunzi ni nani, wengi watamtajia jina la mwimbaji. Ni kwa ajili ya sanduku hilo na jina hilo kwamba leo tunagombana na wenzetu.

Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Sauti yake tunayo na habari za maisha yake tunazo. Lakini anayetaka maneno ya nyimbo za zama zile mara nyingi hulazimika kuyadaka kwa sikio katika sahani iliyokwaruzika, na sikio ni karani asiyeaminika. Mwimbaji hurudia mshororo, hulivuta neno, hulikata katikati ili apate pumzi. Anayenakili bila kujua utunzi huandika mishororo mitano palipokuwa na mitatu, kisha huwafundisha vijana kwamba wazee wetu hawakujua vina.

Wako wasemao kwamba wimbo ni wa kusikilizwa, na kuutia kitabuni ni kuuzika. Hoja hiyo hatuikubali. Wimbo wa taarab wa kawaida una beti za mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, na vina vya kati na vya mwisho. Mtu aliyekesha akihesabu mizani hakukusudia kazi yake iishe pamoja na mlio wa fidla. Haji Gora Haji wa Tumbatu, ambaye alitunga nyimbo pia, alipata bahati ya tungo zake kutolewa kitabu, *Kimbunga*, mwaka 1994. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kumsoma, akambishia, akarudi tena ukurasa ule ule. Watunzi waliotungia klabu peke yake hawana msomaji wa namna hiyo. Wana wachezaji tu.

Wengine hushauri tungoje mchapishaji. Sisi tuliokaa ofisini miaka mingi twajua jinsi barua inavyolala katika jalada. Tena mchapishaji hana kosa: nyimbo za klabu moja ya Unguja hazimletei faida. Basi na tufanye wenyewe. Karatasi moja kubwa ya mpiga chapa, ikikunjwa mara tatu, hutoa kurasa 16. Karatasi tatu ni kurasa 48, nazo zatosha nyimbo thelathini na kitu pamoja na michoro. Gharama yake wanachama waweza kuigawana kwa kulipia nakala zao kabla kitabu hakijaenda mtamboni.

Na michoro itoke wapi? Kwa wapenzi wa taarab wenyewe. Sote tumeona jinsi mpenzi anavyoinuka kitini, akajongea mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji noti. Desturi hiyo ya kutunza ndiyo tuliyoitumia tulipokusanya kitabu chetu: tuliwaomba rafiki na mashabiki watutunze mchoro badala ya fedha. Alichora fundi wa milango, akachora mwalimu wa skuli ya shamba, akachora na binti mmoja ambaye hakuwahi kumwonesha mtu kazi yake. Tuliwataka wino mweusi na mistari iliyo wazi, kwa sababu picha ya kamera, ikipitia mashine hafifu, huugeuza uso wa mtu kuwa doa, lakini mstari wa wino hutoka kama ulivyoingia. (Wa penseli tuliwarudisha nyumbani, na wawili walinuna.)

Ugomvi mkubwa ulizuka penye mafumbo. Wimbo mmoja wamtaja ndege aliyeacha tundu lake. Mchoraji akamchora mwanamke mwenye buibui akitoka mlangoni na mzigo. Mchoro ulikuwa mzuri kuliko yote, nasi tuliukataa. Wenzetu walituona wakaidi. Lakini msikilizaji mmoja humwona mke katika ndege yule, mwingine mwana aliyekwenda ng'ambo, wa tatu huona siri yake asiyoweza kuisema; mchoro ule ungewanyang'anya wote isipokuwa wa kwanza. Tulimwomba achore kanuni na udi vimelazwa juu ya jamvi baada ya watu kuondoka, naye, kwa hisani yake, akachora. Tangu hapo tulishika kanuni ya kuchora mahali na ala na mavazi, fumbo likaachiwa msomaji.

Sasa tuje kwenye jina. Siku moja tulikaa arusini, wimbo tuliotunga sisi ukaimbwa, na jirani yetu akatueleza kwa furaha kwamba huo ni wa kale sana, hauna mwenyewe. Tulicheka, lakini usiku ule hatukulala vema. Ikiwa mtunzi aliye hai, ameketi na birinzi yake mkononi, ameshahesabiwa kuwa hayuko, watakuwaje waliokufa? Zanzibar inayo sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyetajwa. Kwa hiyo chini ya kila wimbo tuliandika jina la mtunzi, mbali na la mwimbaji. Palipokosekana jina tuliandika nani alitupa maneno, na mwaka gani, tukaacha nafasi tupu.

Waalimu wa Kiswahili waweza kutusaidia hapa kuliko klabu zote. Mwanafunzi amwulize bibi yake wimbo aliouimba usichanani, na aliyeutunga, na lahaja asiirekebishe: neno la Makunduchi libaki la Makunduchi. Nafasi tupu katika kitabu chetu ni saba. Ajuaye jina na atuletee, hata kama ni la adui yetu.