Kipya Kinyemi? Maneno juu ya Datsun Mbili za Mjomba

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotutia ubishi nyumbani. Najua ya kuwa wengi wetu hapa shuleni husafiri kwa basi, wala hatujui ni lini tutashika usukani. Lakini kuchagua kati ya kitu cha kale na kitu kipya ni kazi ya kila mtu, kwa hiyo natumaini wasomaji watanivumilia.

Mjomba wangu ni fundi wa magari mjini Arusha, na umri wake ni miaka 74. Uani kwake mna motokaa mbili za spoti, zote Datsun za Japani. Moja ni 240Z ya mwaka 1972, ambayo aliinunua mwaka 1981 kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Nyingine ni 260Z ya mwaka 1974, ya viti vinne. Hiyo aliipata mwaka 1994 ikiwa bodi tupu, na injini yake imefungwa ndani ya magunia. Zote mbili alizifufua kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa mjomba ameshikwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Amesema atauza motokaa moja apate fedha za matibabu, na pia apunguze kazi ya kutunza mbili. Mwezi wa Desemba ndugu wote watakutana, naye amewauliza: niuze ipi? Mama yangu na baba zangu wadogo wanasema auze ile ya kale. Mimi nasema auze ile ya baadaye. Wakubwa wana hoja tatu, nami kwa heshima nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba 260Z ni mpya zaidi na injini yake ni kubwa zaidi. Neno hilo ni kweli. Injini zote mbili zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kila silinda ina upana wa milimita 83. Lakini mwendo wa pistoni katika 240Z ni milimita 73.7, na katika 260Z ni milimita 79. Mwenye shaka na achukue kalamu akokotoe: atapata kama sentimita za ujazo 2393 kwa ile ya kwanza, na 2565 kwa ile ya pili.

Lakini tujiulize, kwa nini waliiongeza? Katika miaka ile serikali ya Marekani ilikaza sheria juu ya moshi wa motokaa na juu ya nguvu za bampa. Vyombo vya kupunguza moshi viliinyima injini pumzi, na bampa nzito ziliongeza uzito. Basi sehemu ya ukubwa ule ilikuwa ni kurudisha kilichopotea. Kabureta za miaka 1973 na 1974 zilizouzwa huko zilisumbua kwenye joto, hata wenye motokaa wengi wakazing'oa na kufunga za zamani. Sisemi sheria ile ilikuwa mbaya, maana hewa safi ni haki ya watu wote. Nasema tu kwamba namba iliyopanda si ushahidi wa nguvu iliyopanda.

Tena kuna uzito. 240Z ina kilo elfu moja na kidogo. 260Z ya viti vinne imeizidi kwa zaidi ya kilo 100, kwa kuwa urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umeongezwa kutoka milimita 2305 hadi 2605. Sisi wa Singida twalijua jambo hili bila ya kitabu. Kijana mwenye debe moja la alizeti kichwani atamwacha nyuma mwenzake mwenye gunia, hata kama huyo mwenye gunia ana kifua kipana.

Mashindano ya Safari yanathibitisha hayo. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa motokaa ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1972 walishindwa na Hannu Mikkola mwenye Ford Escort, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuchukua ushindi. Mwaka 1973 Mehta akarudi na 240Z akashinda, ingawa pointi zake zililingana na za Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine. Na mwaka 1974 ni nani aliyeshinda? Ni Joginder Singh, kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6 tu, akaiacha Porsche ya Björn Waldegård katika nafasi ya pili. 260Z haikupata kushinda Safari ile hata mara moja. Mjomba alikuwa kijana wa miaka 20 alipoyasikia redioni matokeo ya mwaka 1971, na ndipo alipoanza kuitamani motokaa hiyo.

Hoja ya pili ni kwamba 260Z hubeba watu wanne, na mjomba ana wajukuu. Hapa nakiri kuwa wakubwa wana haki. Likizo ya Juni nilipanda zote mbili katika barabara ya Makuyuni. 260Z ilitulia, kelele zilikuwa chache, na tuliweza kuzungumza. 240Z ilinguruma, ilitutikisa, na harufu ya moshi iliingia kwa mlango wa nyuma ambao mpira wake umechoka. Lakini wajukuu hao wanakua. Wawili kati yao hawawezi tena kukaa katika viti vile vya nyuma bila ya kuinamisha vichwa. Motokaa ya kubeba jamaa nzima ni nyingine kabisa, na mjomba anayo tayari: ni pikapu yake ya kazi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. 240Z ina bei kubwa kuliko 260Z, kwa sababu wapenzi wa motokaa za kale duniani wanaitafuta zaidi. Mama husema, "Mwanangu, uza kinachouzika." Nami namjibu kwa adabu: hao wanunuzi wanaipandia bei kwa nini, kama si kwa sababu ni bora? Tutatoaje kilicho bora kwa sababu watu wengine wamekiona ubora wake kabla yetu?

Tena kuna jambo ambalo halimo katika bei. Mwezi wa Juni nilimwona mjomba akirekebisha kabureta za 240Z jioni, taa ikiwa imezimika. Hakungoja umeme urudi. Alisikiliza injini, akazungusha skrubu kidogo, akasikiliza tena, mpaka mlio ukawa mmoja. Miaka zaidi ya 40 imeifundisha mikono yake kuona mahali ambapo macho hayaoni. Kwa 260Z bado huomba tochi. Mtu ambaye macho yake yanapungua asinyang'anywe kitu kimoja anachoweza kukifanya gizani.

Wazee wetu walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi sisemi kila kipya ni kidonda. Nasema tukitazame kwanza, tuulize kimeongezwa nini, kimepunguziwa nini, na kwa ajili ya nani.

Hata hivyo, naweka sharti moja, nisije nikaonekana mpenda vyuma kuliko watu. Kama fedha za 260Z hazitatosha kwa matibabu ya macho yote mawili, basi na iuzwe 240Z, nami nitakuwa wa kwanza kuisukuma nje ya lango. Lakini zikitosha, nawaomba mama na baba zangu wadogo, ambao nitawapelekea nakala ya gazeti hili, wamwachie mjomba motokaa yake.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu