Kebini za Naivasha ni Bei Nafuu, Lakini kwa Nani?

Hii posti imenichukua muda kuandika, manake ni mimi ninayejishtaki.

Mwezi wa Aprili niliposti video ya kebini moja ya mbao kule Naivasha. Nikaandika: "Kuanzia 4,500 kwa usiku. Leta mpenzi, leta familia." Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Wiki tatu baadaye shangazi yangu akapanda matatu Nairobi na watoto wake watatu, akaenda huko na pesa za chama.

Tupige hesabu basi. 4,500 ilikuwa ya watu wawili. Watoto wawili waliobaki, 1,000 kila mmoja. Gesi ya kupikia, 500. Kutoka barabarani hadi kwa kebini, boda mbili kwenda na kurudi, 800. Matatu ya watu wanne kwenda na kurudi, 3,200. Jumla 11,000, na hapo bado hawajala. Na ziwa je? Halionekani. Mimi nilikuwa nimelipiga kwa droni.

Shangazi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani wewe ulilala bure, baba?"

Ndio. Nililala bure.

Mwenye kebini si mwizi. Masharti yote aliniambia, ni mimi niliyeyaacha nje ili bei ikae poa. Na mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya fee, kwa hivyo najua vizuri sana 11,000 ni nini kwa mtu.

Maoni yangu ni haya: bei ya usiku mmoja si bei ya safari. Sisi watu wa kontenti tukiandika "bei nafuu" bila jumla, tunawadanganya watu wetu wenyewe. Bei nyingi za kebini zimepangiwa watu wawili. Wapenzi wawili wataenjoi, lakini mama wa watoto watatu ataongeza na kuongeza.

Sisemi msiende. Naivasha ni kama kilomita 90 tu kutoka Nairobi, na mtu aliyechoka ana haki ya kuona maji. Lakini kabla ya kutuma pesa, uliza: bei ni ya watu wangapi? Jikoni kuna sufuria na gesi? Katikati ya wiki mnapunguza? Ziwa liko umbali gani kwa miguu, na maji yamefika wapi sasa hivi? Hilo la mwisho si mzaha. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, na kuna watu wa Kihoto waliohama nyumba zao kwa sababu ya maji.

Ukiwa na watoto, uliza pia kuhusu ua. Usiku viboko hutoka majini kula nyasi, na kiboko hana mchezo na mtu. Beba masweta, manake Naivasha iko juu, karibu mita 1,900, na usiku baridi inauma. Na kama kebini haiko kando ya maji, kuna ufuo wa umma pale Kamere, karibu na njia ya kuingia Hell's Gate. Watoto wataona ziwa, wavuvi na ndege bila wewe kulipia chumba cha bei kali.

Ile video nimeifuta. Nusu ya pesa za shangazi nimerudisha, iliyobaki naendelea kulipa polepole. Kuanzia leo, nikilala bure nitasema nimelala bure, na kila bei nitakayoposti itakuwa jumla ya watu wanne, kutoka mlangoni hadi mlangoni.

Na wewe ukiona nimeandika "kuanzia" tena, niulize: kuanzia hapo, inaishia wapi?