Mgonjwa Naye Huugua Sonona

Nimekulia Makoko, Musoma, ambako watoto wengi hujua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mimi sijui hadi leo. Wenzangu walipokuwa wakivua mashati na kuruka ziwani, mama aliniita kwa ukali nirudi nyumbani. Nina selimundu, ile ambayo wengi wetu tunaiita siko seli, na baridi ya maji ilitosha kunilaza wiki nzima.

Siandiki haya ili unionee huruma. Huruma nimeipata ya kutosha, na nadhani ndiyo iliyonichelewesha kutibiwa.

Kwa asiyejua, chembe nyekundu za damu yetu hupinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu huuma: mgongo, miguu, kifua. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumo kwa wingi. Aliyerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo kinasaba hicho kimedumu pale malaria ilipotawala. Si laana wala kurogwa, kama majirani walivyomwambia mama.

Maumivu nimeyazoea. Kilichonitisha mwaka wa pili chuoni ni siku ambazo hapakuuma kitu, na bado sikuweza kutoka kitandani. Niliacha kula, nikaacha kwenda kimbwetani. Boom likaingia na sikuangalia hata salio. Mwanafunzi mwenzangu, hapo unaelewa kwamba hali ilikuwa mbaya.

Nikaenda kutibiwa, nikaeleza yote. Aliyenipokea akatazama faili, akasema kwa upole kabisa, "Lakini kwa ugonjwa wako huu, nani asingehuzunika?" Akaniandikia dawa za maumivu, nikarudi kitandani.

Hilo ndilo kosa letu. Mzima akijifungia ndani wiki mbili, tunasema ana tatizo, apelekwe kwa mtaalamu. Mgonjwa akijifungia, tunasema ana haki yake. Kwa kuwa huzuni yake inaelezeka, basi haitibiwi. Jamani, hata mguu uliovunjika kwa ajali ya bodaboda unaelezeka. Nani ameuacha bila kuufunga eti kwa sababu chanzo chake kinajulikana?

Tena magonjwa haya mawili yanalishana. Mwenye sonona halali vizuri, anasahau dawa, hanywi maji, anaruka kliniki. Maumivu yanarudi, na yakirudi yanamzamisha zaidi. Kusema "tutibu kwanza maumivu, moyo utafuata" ni kumsubirisha mtu kitu ambacho huenda kisifike. Dawa ya haidroksiurea inasaidia kweli: utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Mbale na Kilifi, na kutangazwa miaka michache iliyopita, ulionyesha inapunguza maumivu na vifo kwa watoto. Lakini kupunguza si kumaliza.

Sonona inatibika hata kama ugonjwa mwingine umebaki. Zimbabwe wana Benchi la Urafiki, lililoanzishwa mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda. Bibi wa mtaani aliyepewa mafunzo anakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, wanachambua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya mwaka 2016 yalihusu wagonjwa zaidi ya 500 wa Harare, baadhi yao wakiishi na VVU. Waliopitia benchi walipata nafuu kubwa ya sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. VVU havikuondoka. Sonona ilipungua.

Mimi hatimaye nilimpata mshauri nasaha. Hakuniambia nijikaze. Tulianza na jambo moja dogo kwa siku: dakika ishirini kimbwetani, hata kama sitasoma. Baadaye kula na watu. Wengine huhitaji na dawa, na hakuna aibu. Mwezi uliopita nililazwa tena siku nne, maumivu yaleyale. Tofauti ni kwamba safari hii nilitaka kurudi darasani.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni hili: tudai kwamba kila mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kudumu, akienda kutibiwa, aulizwe maswali mawili. Wiki mbili hizi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Maswali hayo hayachukui hata dakika mbili. Pia tuwafundishe wenzetu kusikiliza. Zimbabwe walihitaji benchi, sisi vimbweta tunavyo tayari.

Na wewe unayekaa naye chumba kimoja, acha "jikaze" na "wapo wenye hali mbaya zaidi". Mletee maji, muulize, msikilize. Akizungumzia kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe uliyejifungia ukidhani hiyo ndiyo hali halisi ya mgonjwa: ndugu yangu, nenda ukaseme. Ukijibiwa kama nilivyojibiwa mimi, nenda tena kwa mwingine. Maumivu yanaweza kubaki. Sonona si lazima ibaki nayo.