Kipimo cha Bure na Hasara Yake

Imekita katika fikra za watu wetu wa Kasese na Bwera, wasomi kwa wasiosoma, itikadi ya kwamba kila mwanamume aliyevuka miaka 40, maadam ametolewa damu akapimwa PSA, yaani protini itolewayo na tezi dume, amekwisha kusalimika na saratani ya tezi dume, na kwamba kiongozi aletaye kipimo hicho bure, siku moja, chini ya turubali, amewatendea wazee hisani isiyo na dosari. Itikadi hiyo ni batili, na serikali inayoigeuza kuwa sera huwadhulumu wale wale inaodai kuwahurumia.

PSA haiitambui saratani peke yake. Hupanda kwa saratani, lakini hupanda vilevile kwa tezi iliyokua kwa uzee tu, au kwa maradhi ya njia ya mkojo. Basi mzee aliyepewa tarakimu kubwa hajajua lolote mpaka atolewe vinyama vya tezi kwa sindano, vikaguliwe kwa darubini, kisha aelezwe kama ugonjwa wake ni wa kutibiwa au wa kuangaliwa tu, kwani nyingi katika saratani hizi huenda polepole hata mtu akafa kwa sababu nyingine. Kwa mzee wa Bwera, kutafuta majibu hayo ni safari ya Fort Portal au Mbarara, na akihitaji mionzi ni Kampala, zaidi ya kilomita 300. Kwa nauli ya nani, na alale wapi, waandaaji wa kambi hizo za vipimo vya bure hawasemi, maana wamekwisha kukunja turubali lao. Nani amesahau kwamba mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika pale hospitali ya Mulago, Kampala, na taifa zima likakaa takriban miaka miwili bila nyingine?

Wako watakaosema kuwa Wazungu wanapima. Huko Uingereza ulifanywa uchunguzi uliohusu wanaume zaidi ya 400,000, baadhi yao wakaalikwa mara moja tu kupimwa PSA. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hii walikuwa asilimia 0.69 miongoni mwa walioalikwa, na 0.78 miongoni mwa wasioalikwa, tofauti isiyotimia mtu mmoja katika 1,000. Na kambi ya siku moja ni nini, ila mwaliko wa mara moja usio na hospitali nyuma yake?

Iko hoja moja ninayoiheshimu: kwamba watu weusi hupatwa zaidi na maradhi haya, ilhali uchunguzi huo wa Uingereza haukuwahusisha ila wachache. Ni kweli, lakini hiyo ni hoja ya kuitaka Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyopewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 2016, ifanye utafiti wenye daftari, ridhaa na ufuatiliaji. Kupima umma mzima ni jambo jingine: tangu 1968 wataalamu Wilson na Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba watu wasipimwe kwa jumla pasipo njia ya kuthibitisha ugonjwa na kuutibu.

Fauka ya hayo, yuko mzee aliye mgonjwa tayari, aamkaye usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, akojoaye damu, aumwaye kiuno, ambaye hupewa vidonge vya maumivu akarudishwa nyumbani. Huyo hahitaji kambi. Ahitaji tabibu wa kumsikiliza na kumpima kwa kidole pale Bwera, Kagando au Kilembe, njia ya kupeleka vinyama maabara, upasuaji wa kuondoa korodani ambao kwa gharama ndogo huuzuia kwa muda ugonjwa uliokwisha kuenea, na ile morfini ya maji ambayo Uganda huigawa bure. Haya hayapigiwi ngoma wala hayapigwi picha, na kwa hiyo aghalabu hayatengewi fedha.

Basi, waheshimiwa madiwani wa Kasese, kabla ya kuidhinisha shilingi moja ya vipimo, daini jibu la maandishi: watakaoonekana na dalili watapokewa na nani, wapi, na kwa gharama ya nani. Jibu lisipopatikana, ikataeni bajeti hiyo.