Udongo uwahi ungali maji

Mtoto akirudi nyumbani na matope hadi kwenye viwiko, wazazi wengi humkaripia na kumpeleka bombani. Wana haki, maana nguo hufuliwa kwa jasho. Lakini kabla ya kumkaripia, ni vizuri kutazama alikuwa akifinyanga nini.

Ladi Kwali alizaliwa mwaka 1925 hivi katika kijiji cha Kwali, Nigeria, ambako ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Shangazi yake alimfundisha tangu utotoni. Hawakutumia gurudumu: mtungi ulikaa chini, na mfinyanzi akauzunguka kwa miguu huku akiongeza udongo taratibu mpaka shingoni.

Kabla udongo haujakauka, Ladi aliuchora viumbe: mjusi, nge, kinyonga, mamba, nyoka, ndege na samaki. Watu wakateka maji kwa mitungi hiyo, na mingine ikafika hadi katika jumba la Emir wa Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja. Huko ndiko mfinyanzi wa Kiingereza, Michael Cardew, alikoiona.

Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mjini humo, na mwaka 1954 Ladi akajiunga, mwanamke wa kwanza kuingia. Alikuwa anakaribia miaka 30. Alijifunza gurudumu, tanuru la moto mkali, na namna ya kupaka chombo madini yanayogeuka ngozi ya kung'aa kama kioo. Hata hivyo aliendelea kujenga mitungi kwa mkono kama alivyofundishwa na shangazi, na mijusi yake haikumtoka.

Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Mikono yake iliwafikia na wengine. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Abuja miaka ya 1970 akajifunza kwake kufinyanga bila gurudumu. Leo vyombo vya Odundo vimo katika makumbusho makubwa, likiwemo la British Museum mjini London.

Yote hayo yalianza kwa shangazi aliyekubali mtoto akae karibu naye na kuchafuka. Si kila mtoto wa matope atafika kwenye noti. Wengi watapata tu mikono yenye subira na macho yanayomwona mjusi ukutani badala ya kumpita, na hilo si jambo dogo nyumbani.

Basi mzazi amtafutie nguo kuukuu na kona ya ua, kisha amuulize amefinyanga nini. Matope ya nguoni hutoka kwa sabuni. Hamu ya mtoto ikishakauka, ni kama udongo mkavu: ukiukunja, unavunjika.